Nani Amfundishe Mwalimu wa Chuo Kikuu?



Kila ufikapo mwezi wa Oktoba vyuo vikuu vyetu hufungua milango kuwapokea wanafunzi wapya, na miongoni mwa vijana hao waliobeba masanduku na barua zao za kukubaliwa wamo wasioona, wamo viziwi, wamo wenye ualbino ambao uoni wao ni hafifu, wamo waendao kwa magongo au kwa viti vya magurudumu, na wamo pia wale ambao ulemavu wao haujulikani kwa kumtazama mtu, kama vile kifafa, maradhi ya akili, au ile shida ya kusoma maandishi ambayo haihusiani hata kidogo na wingi wala uchache wa akili. Vijana hawa wamekwisha kupita njia ndefu. Wengine wamelelewa na shule kama ile ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ambayo wamisionari wa Kianglikana waliianzisha mwaka 1950, au ile ya viziwi ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1963, shule zilizofanya kazi tukufu ya kuwatoa nje watoto ambao jamaa zao, kwa ujinga au kwa kuona haya, walikuwa wakiwaficha uani. Humo mtoto alimkuta mwalimu aliyesomea kazi ile hasa, ajuaye kupiga nukta nundu au kusema kwa lugha ya alama, na hata alipokemewa, alikemewa kwa lugha anayoifahamu. Akifika chuo kikuu hali hubadilika: hujikuta mbele ya watu wengi wenye elimu kubwa na nia njema, ambao karibu wote hawajapata kufundishwa hata siku moja namna ya kumhudumia.

Rai yangu ni hii. Huruma kwa watu wenye ulemavu haikupungua katika vyuo vyetu. Kilichopungua ni maarifa ya kazi, na maarifa hayo yanafundishika, tena kwa siku chache na kwa gharama ndogo, iwapo wakuu wa vyuo watayafanya kuwa faradhi kwa kila mtumishi wao, tangu profesa mpaka bawabu, wasiyaachie wale wachache wanaokaa katika kitengo cha elimu maalumu.

Kwanza tutaamali jinsi mhadhiri anavyopatikana. Mwalimu wa darasa la kwanza hakabidhiwi watoto mpaka asomee ualimu, ajifunze namna ya kupanga somo, namna ya kumtambua mtoto aliyeachwa nyuma, na namna ya kuuliza swali. Ilhali mhadhiri wa chuo kikuu aghalabu hupewa ukumbi wenye vijana mia tatu kwa sababu amebobea katika historia, au katika sheria, au katika elimu ya mimea, na hudhaniwa kwamba mwenye kujua jambo hawezi kukosa njia ya kulifundisha. Viko vyuo vinavyowapa wahadhiri wapya mafunzo mafupi ya ufundishaji, navyo vinastahili sifa. Lakini mtu ambaye hakufundishwa namna ya kumfundisha mwanafunzi wa kawaida, atajuaje ghafla la kufanya siku atakapomwona kijana mwenye fimbo nyeupe ameketi safu ya pili akimsubiri aanze?

Sisi tuliokulia pwani tulisomeshwa katika chuo cha Kurani, tungali wadogo, kisa cha sura ya Abasa, jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyokumbushwa na Mola wake kwa ajili ya Ibn Umm Maktum, mtu asiyeona, aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Nacho ni kisa kinachoiweka haki ya mwanafunzi huyo mbele ya shughuli nyingine za mwalimu, hata zikiwa kubwa namna gani. Karne nyingi baadaye kijana mwingine asiyeona, Taha Hussein wa Misri, alifika Cairo kutoka kijijini kwao akaingia mtihani wa kujiunga na Al-Azhar, na katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake amesimulia kwamba mtahini hakumwita kwa jina, alimwita kwa upofu wake, na alipokwisha kusoma aya alizotakiwa azisome, akaambiwa aondoke kwa neno lile lile la upofu, likifuatwa na dua ya kumtakia fanaka. Yule sheikh hakuwa mtu mwovu. Alimwombea mtoto heri kwa moyo safi, na kwa pumzi ile ile akamchoma, naye Taha Hussein alipokuwa mtu mzima mwenye jina kubwa alikuwa bado hajaisahau asubuhi ile. Kijana huyo alipata udaktari katika chuo kikuu kipya cha Misri mwaka 1914, akapata mwingine Sorbonne, huko Paris, mwaka 1918, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa nchi yake, akashikilia kwamba elimu iwe ya watu wote kama maji na hewa. Ni wangapi walioitwa hivyo katika vyumba vya mitihani, wakarudi kwao, na wala hatukupata kuyasikia majina yao?

Sasa tuingie katika ukumbi wa mihadhara. Mhadhiri ameugeukia ubao, anaandika na kusema kwa wakati mmoja, kisha ananyoosha kidole na kutamka, “Kama mnavyoona, hiki kikizidi, kile hupungua.” Kiziwi aliyekuwa akiifuata midomo yake amekosa sentensi nzima, kwa kuwa midomo ilielekea ukutani, asiyeona amesikia chaki ikikwaruza, na maneno mawili yasiyomweleza kitu, mwenye ualbino, aliyeketi kando ya dirisha linaloingiza jua, ameuona ubao ukimeremeta tu. Wote watatu wamo darasani, majina yao yamo katika daftari la mahudhurio, na hakuna hata mmoja wao aliyefundishwa. Lau mhadhiri yule angalielezwa mapema, angalimaliza kuandika kwanza, akageuka, akavitaja vitu kwa majina yake, kwamba bei ikizidi mahitaji hupungua. Angalimweka yule wa tatu mbele, mbali na dirisha, akampa tangu jana nakala ya maandishi yenye herufi kubwa. Na akiwapo mkalimani wa lugha ya alama, wakati wa kuzungumza na mwanafunzi angalimtazama mwanafunzi mwenyewe, akamwacha mkalimani afanye kazi yake. Angalimpelekea pia mkalimani huyo istilahi za somo siku mbili tatu kabla, maana fani nyingi za chuo kikuu zina maneno ambayo ishara zake hazijazoeleka, na mkalimani asiyelijua somo hubaki akilitamka neno kwa vidole, herufi baada ya herufi, huku mhadhara unakwenda mbele na kumwacha. Katika hayo yote sioni hata moja linalongojea fedha za serikali. Tena hao wengine wanaoona na kusikia barabara watafaidika nao, kwa kuwa mwalimu anayesema waziwazi, akiwa amewaelekea watu, huwafaa wote.

Maandishi nayo yana habari yake. Siku hizi wengi wa wanafunzi wasioona hutumia kompyuta zenye programu ya kusoma kwa sauti yaliyomo katika skrini, na mojawapo ya programu hizo, iitwayo NVDA, ilibuniwa na watu wawili wasioona wa Australia na hutolewa bure kwa kila aitakaye. Lakini programu ya namna hii husoma herufi, na ukurasa uliopigwa picha aghalabu kwake ni ukurasa mtupu. Mhadhiri anapoitoa fotokopi sura ya kitabu, yenye mistari ya kalamu na kivuli cha dole gumba pembeni, kisha akaipiga picha na kuwatumia wanafunzi, huamini kwamba amewapa wote kitabu kimoja, kumbe mmoja wao hakupewa kitu. Hakufanya hivyo kwa inda. Hakuna aliyemwonyesha, na kumwonyesha ni kazi ya saa moja: aketi mbele ya kompyuta ile, azime skrini, asikilize kile ambacho mwanafunzi wake hukisikia.

Nitakawia kidogo katika mtihani, kwa kuwa hapo ndipo dhuluma isiyokusudiwa huwa kubwa kuliko mahali pengine. Mwanafunzi asiyeona anayejibu kwa nukta nundu huandika kwa mashine ya Perkins, chombo kizito cha chuma ambacho kila kibonyezo chake cha nukta huacha alama katika karatasi nene, na kwa kuwa kina kelele, mwandishi wake hutengwa katika chumba cha peke yake. Karatasi ya maswali hutakiwa ipigwe nukta siku kadhaa kabla, na hilo haliwezekani ila mhadhiri ayalete maswali mapema. Akiyaleta asubuhi ya mtihani wenyewe, mwanafunzi husomewa na msimamizi, ambaye pengine hawezi kuyatamka majina ya kitaalamu, wala hajui kwamba swali lenye mchoro ni lazima mchoro wenyewe uelezwe. Majibu yakiisha kuandikwa huja mtu mwingine tena, ambaye mhadhiri huenda hamfikirii kabisa, naye ni yule anayezigeuza nukta kuwa herufi za kawaida ili zipate kusahihishwa. Mtu huyo akiwa anazijua nukta lakini haijui sheria, au kemia, makosa yake huingia ndani ya majibu ya mwanafunzi, na mhadhiri, kalamu nyekundu mkononi, humkata alama mtu ambaye hakukosa. Na aliyekatwa alama hawezi kuligundua kosa, kwa sababu karatasi iliyorudishwa imeandikwa kwa herufi asizoweza kuzisoma. Dawa ya jambo hili ni nyepesi, nayo ni mwanafunzi asomewe nakala ile, mbele ya shahidi, kabla haijapelekwa kwa msahihishaji. Lakini mhadhiri asiyejua kwamba kati yake na mwanafunzi yuko mtu wa tatu hawezi kuidai dawa ya ugonjwa asioujua.

Muda wa ziada nao hueleweka vibaya. Wako waalimu waadilifu wanaouona kuwa ni upendeleo, na wanaohofu kwamba wakimwongezea mmoja dakika thelathini watakuwa wamewadhulumu waliobaki. Ilhali kusoma kwa ncha za vidole, au kwa kuisogeza lenzi juu ya mstari neno baada ya neno, humla mtu muda ambao mwenzake hautumii, na kinachoongezwa ni kile kilichokwisha kuondolewa.

Chuo kikuu, hata hivyo, hakiendeshwi na wahadhiri peke yao, na hapa ndipo mafunzo mengi hupungukiwa, kwa kuwa huwaita wenye shahada wakawaacha wale ambao mwanafunzi hukutana nao kila saa. Yuko afisa wa ratiba, ambaye kwa kuandika tu nambari ya chumba aweza kumzuia mwenye kiti cha magurudumu asisome somo zima, maana amelipeleka ghorofa ya tatu katika jengo lisilokuwa na lifti. Yuko mshauri wa wanafunzi, yuko mlezi wa bweni agawaye vyumba, yuko mkutubi, yuko dereva wa basi, yuko muuguzi wa zahanati, na yuko bawabu, ambaye ndiye wa kwanza kuonana na mgeni. Bawabu amwonapo asiyeona hukimbilia kumshika mkono na kumvuta, akidhani anafanya hisani, na mtu yule huvutwa asijue anapelekwa wapi, wala kama mbele yake kuna ngazi au mtaro. Bawabu aliyefundishwa humsalimu, hujitaja jina, humwuliza kama anahitaji msaada, kisha humpa kiwiko chake akishike, wakaenda pamoja mmoja akitangulia nusu hatua. Kadhalika kiti cha magurudumu ni kama sehemu ya mwili wa mwenyewe, hakisukumwi bila idhini yake. Haya ni mambo ya adabu, na watu wetu wanaipenda adabu. Wakiambiwa adabu ya jambo ilivyo, hawakawii kuishika. Wala ngazi na vilima visitukatishe tamaa kabla ya wakati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko juu ya kilima, na ndiko lilikotoka jina lake la Mlimani, wala hakuna awezaye kukisawazisha kilima kile. Lakini darasa laweza kuhamishwa kutoka juu hadi chini kwa kalamu ya afisa mmoja, mradi afisa huyo apate habari mapema.

Uko ulemavu usioonekana, nao wahitaji namna nyingine ya mafunzo, ambayo ni kuhifadhi siri. Msichana mwenye kifafa, au kijana anayetumia dawa za maradhi ya akili, huenda kwa mwalimu wake kwa faragha, akajieleza kwa shida, akaomba aongezewe siku mbili za kuleta kazi. Naye mwalimu, kwa kutokujua, humtaka athibitishe mbele ya wenzake, au huipeleka habari katika chumba cha waalimu ikawa mazungumzo ya chai. Mwanafunzi aliyefanyiwa hivyo mara moja hatarudi tena kuomba, na ofisi itaandika kwamba chuoni hamna mwenye shida ya namna ile.

Nayajua majibu ya wakuu. Watasema kwamba wanafunzi wa hali hiyo ni wachache, na kazi za chuo ni nyingi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao asilimia 16 ya wanadamu wote, yaani kiasi cha bilioni 1.3, wana ulemavu mkubwa wa namna fulani, basi uchache wao vyuoni wapaswa kututia wasiwasi, utufanye tuulize wengine walizuiwa wapi. Na kuhusu sheria sina haja ya kurefusha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 24 yazitaka nchi ziwafunze watumishi wa ngazi zote za elimu, na ziajiri pia waalimu wenye ulemavu; na mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hayo ya kuajiri si ndoto. Dakta Abdallah Possi, mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015, na baadaye akawa balozi wetu Ujerumani.

Basi, nani atawafundisha watumishi hawa? Wataalamu wa elimu maalumu wana nafasi yao, lakini mimi nasema kwamba mwalimu wa kwanza awe mwenye ulemavu mwenyewe. Mwaka 1962 kijana wa Marekani, Ed Roberts, aliyepoozwa na polio tangu shingoni kushuka chini, na aliyekuwa akilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua, aliomba kusoma katika chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley. Mabweni hayakuweza kuipokea mashine ile. Daktari wa hospitali ya chuo akapata shauri, kwamba kijana akae katika wodi ya hospitali hiyo kama wenzake wakaavyo mabwenini. Wakafuata wengine wenye hali kama yake, na kutokana na kundi hilo, mwaka 1970, ikaanzishwa ofisi ya kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu, ikiendeshwa na wenye ulemavu wenyewe. Njia ilifunguliwa na mtumishi mmoja aliyekubali kufikiri, lakini walioijua safari ndio walioitengeneza. Sisi hatupungukiwi na watu kama hao. Kipo Chama cha Viziwi, kipo Chama cha Wasioona, lipo shirikisho la vyama vyote vya watu wenye ulemavu, na kule Zanzibar upo umoja wao. Na wamo wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokwisha kukipita chuo chote, ngazi kwa ngazi na ofisi kwa ofisi. Waitwe wafundishe, na walipwe ujira kama mtaalamu mwingine yeyote anayealikwa kutoa somo, kwa kuwa maarifa yao yamewagharimu sana.

Mafunzo yenyewe nisingependa yawe hotuba ya asubuhi moja katika hoteli, yenye vitafunio na picha ya pamoja. Yafanyike pale pale kazini: mhadhiri aende na yule asiyeona kutoka lango kuu mpaka maktaba, mtunga maswali akae na mnukuzi wa nukta nundu wapitie karatasi moja ya mtihani, mkutubi ajaribu kufikia kabati kutoka katika kiti cha magurudumu. Yarudiwe kila mwaka, kwa kuwa watumishi huondoka na wapya huja. Na kwa kuwa wahadhiri hupandishwa cheo kwa kutazamwa maandiko waliyoyachapisha, chuo kinachotaka jambo hili lishike mizizi kiliandike katika kanuni zake za kupandisha vyeo, mhadhiri aulizwe pia amewafundishaje wale ambao ni vigumu kuwafundisha.

Kikao cha kwanza chaweza kufanyika mwezi wa Septemba, barua za kukubaliwa zikiwa zimekwisha kutoka na majina ya wanafunzi wanaokuja na mahitaji yao yamejulikana, lakini ratiba ya vipindi haijabandikwa. Ili yule afisa wa ratiba, ambaye hajapata kuitwa katika kikao chochote cha waalimu, aketi nao meza moja, aelezwe ni masomo gani yawekwe chini, naye aondoke akiwa ameyaandika katika daftari lake.